Asiyeamini na Kiapo Chake: Uchunguzi wa Maneno na wa Historia

Mabishano baina ya wenye dini na wasio na dini ni ya zamani sana, na sehemu kubwa ya mabishano hayo imo mikononi mwa wanafalsafa na wanavyuoni wa dini. Mwanafunzi wa lugha hana haki ya kuwanyang'anya kazi yao. Lakini iko sehemu moja iliyo yake, nayo ni majina. Kila jamii humpa jina mtu asiyeamini Mungu, na mara nyingi jina hilo huwa limekwisha kumhukumu kabla yeye hajafunua kinywa. Katika makala haya nimekusudia kuyachunguza majina hayo kama yalivyo katika Kiswahili na katika lugha zilizotukopesha maneno, kisha kuyapima kwa tukio moja la historia, yaani ugomvi uliotokea katika Bunge la Uingereza baina ya mwaka 1880 na mwaka 1886 juu ya kiapo cha Charles Bradlaugh. Sikusudii kumtoa mtu katika dini yake. Nakusudia kuonyesha kwamba mengi yasemwayo juu ya asiyeamini hayatokani na kumjua, bali yanatokana na jina alilopewa.

1. Majina

Neno la kwanza limjialo msemaji wa Kiswahili ni kafiri. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa k-f-r, ambao maana yake ya msingi ni kufunika. Mkulima afukiaye mbegu katika udongo aliweza kutajwa kwa mzizi huu. Na kwetu mzizi huo huo umetuletea kafara, yaani sadaka ya kufuta dhambi au kuondoa balaa, na kufuru, ambayo ni kutamka maneno ya kumvunjia Mungu heshima na pia kukosa shukrani kwa neema. Basi kafiri, kwa asili ya neno, ni mtu aijuaye kweli akaifunika, au aliyepewa neema akaikataa. Neno hili halimtaji mtu aliyeitafuta kweli asiione. Tena matumizi yake yamekuwa mapana kupita kiasi. Pwani kwetu waliitwa makafiri watu wa bara waliokuwa na Mungu wao, matambiko yao na mizimu yao; na huko Afrika ya Kusini neno lilo hilo, lilipopita katika vinywa vya wageni, likageuka kuwa tusi la rangi ya mtu. Neno liwezalo kumtaja mwenye dini nyingine, na mwenye ngozi nyeusi, na asiye na dini, haliwezi kutueleza habari ya hakika ya yeyote kati yao.

Wenye elimu ya Kiarabu hutumia pia mulhidi. Hili ni la mzizi wa l-h-d, nao una maana ya kuinama upande au kukengeuka. Kwa mzizi huo Waarabu huita lahd lile shimo la ubavuni mwa kaburi, ambalo sisi twaliita mwanandani, kwa sababu limeacha njia ya shimo kubwa likaingia pembeni. Mulhidi basi ni mtu aliyeiacha njia iliyonyooka. Jina hili ni afadhali kuliko lile la kwanza, kwa kuwa angalau hudai habari ya mwendo wa mtu na si ya siri ya moyo wake. Lakini nalo limekwisha kukata shauri njia iliyonyooka ni ipi. Mpagani, neno lililoenezwa na makanisa, asili yake ni Kilatini, paganus, mtu wa shamba. Humtaja asiyefuata dini ya mjini, wala si asiyefuata dini yoyote.

Limebaki lile tulilolitunga wenyewe: mkana Mungu. Kwa sikio la kwanza laonekana kuwa la haki. Lakini na tutazame matumizi ya kitenzi chake. Mtu hukana deni, hukana mtoto, hukana maneno yake mwenyewe. Katika yote hayo kitu chenyewe chajulikana kuwapo, na anayekana hushukiwa kuwa anakwepa wajibu. Hatusemi kwamba mtu amekana kile ambacho hakuna aliyemthibitishia. Kwa hiyo mkana Mungu, katika Kiswahili, husikika kama mdaiwa anayetoroka.

Wala kasoro hii si ya Kiswahili peke yake. Wayunani walikuwa na neno atheos, asiye na mungu, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi. Mwaka 399 kabla ya Kristo Socrates alishitakiwa Athens kwamba haitambui miungu ya mji na kwamba analeta mingine mipya, akahukumiwa kufa. Ingawa shitaka lenyewe, kwa kutaja miungu mipya, lilikiri kwamba hakuwa mtu asiye na imani yoyote. Katika karne ya 2 baada ya Kristo jina hilo waliitwa Wakristo. Wao hawakuwa na sanamu wala hawakuitolea sadaka miungu ya dola ya Roma, na kwa macho ya jirani zao hiyo ilikuwa ndiyo maana ya kutokuwa na mungu. Habari za kifo cha Polycarp, askofu wa Smyrna, zaeleza kwamba alipoamriwa atamke maneno ya kuwalaani wasio na mungu, yaani Wakristo wenziwe, aliyatamka huku akiuonyesha kwa mkono umati wa wapagani uliokuwa ukimzomea. Naye Justin, mwanafalsafa Mkristo wa karne hiyo hiyo, alikubali kwamba kwa habari ya miungu ya namna ile yeye na wenziwe walikuwa atheoi kweli. Msomaji Mkristo wa leo afaa akumbuke kwamba jina hili lilikuwa lake kabla halijawa la mwingine.

2. Imani na uaminifu

Majina ni mwanzo tu. Lipo neno lenye nguvu zaidi, ambalo halimtaji asiyeamini hata kidogo, lakini humtia hatiani kila siku. Neno hilo ni imani.

Imani ni ya mzizi wa Kiarabu wenye herufi a-m-n, ambao kiini chake ni usalama na utulivu. Mzizi huu umezaa kwetu jamaa kubwa: amini, imani, muumini, mwaminifu, amana, amani. Katika Kiswahili imani imepata pia maana ya huruma. Tukisema fulani hana imani, mara nyingi hatuzungumzi habari za dini yake. Twasema kwamba ni mkatili. Jamaa hii ya maneno ni pambo la lugha yetu. Lakini ina athari yake katika fikira. Asemaye kwamba haamini Mungu husikika, pasipo yeye kutaka, kama mtu anayesema kwamba hana huruma, haaminiki, hafai kuwekewa amana, na wala hatakii watu amani. Maneno manne yenye maana mbalimbali yamefungwa kwa kamba moja, na aliyeifungua kamba hiyo kwa neno moja hudhaniwa ameyaangusha yote.

Wazungu walifika pahali hapo hapo kwa njia nyingine. John Locke, katika waraka wake wa mwaka 1689 juu ya uvumilivu wa dini, alitaka watu wa madhehebu mbalimbali wasisumbuliwe, lakini akawatoa wasioamini Mungu, kwa hoja kwamba ahadi, mapatano na viapo, ambavyo ndivyo viunganishavyo jamii, haviwezi kumshika mtu wa namna hiyo. Miaka michache kabla yake, mwaka 1682, Pierre Bayle, Mfaransa mwenye dini ya Kiprotestanti, alikuwa amekwisha kuandika kinyume: kwamba watu hawatendi sawasawa na itikadi zao, bali hutenda kwa kufuata tabia, mazoea na tamaa ya kuheshimiwa, na kwa hiyo jamii ya wasioamini yaweza kuishi kwa adabu, kama vile jamii ya waumini iwezavyo kujaa uovu. Hoja hizi mbili zilikaa zikitazamana kwa karibu miaka 200. Kilichokosekana ni jaribio, na jaribio hilo lilikuja Westminster.

3. Kiapo katika sheria ya Uingereza

Katika sheria ya Uingereza ya zamani asiyekula kiapo cha Kikristo hakuweza kutoa ushahidi wala kushika kazi nyingi za serikali. Mlango huo ulifunguliwa kidogo kidogo, kila mara kwa ajili ya watu fulani. Mwaka 1696 Marafiki, ambao huitwa pia Quakers, waliruhusiwa kutoa tamko badala ya kuapa, kwa kuwa waliona kuapa kumekatazwa na Injili. Hawa ndio wale ambao dini yao ilifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Mwaka 1744, katika kesi ya Omychund na Barker, ilikubaliwa kwamba ushahidi wa Mhindu ulioapwa Calcutta kwa desturi ya dini yake upokewe. Wayahudi walingoja zaidi: Lionel de Rothschild alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1847, lakini hakupata kukaa katika kiti chake mpaka mwaka 1858, kwa sababu ya maneno ya kiapo yaliyotaja imani ya Kikristo.

Asiyeamini Mungu alibaki nje. John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, alionyesha ubovu wa kanuni hiyo kwa hoja ambayo sijaona ikijibiwa. Kanuni yenyewe husema kwamba asiyeamini ni mwongo. Basi mwongo aulizwapo kama anaamini, atasema ndiyo, naye ataruhusiwa. Atakayekataliwa ni yule tu aliyekubali kupata hasara na aibu kuliko kusema uongo. Yaani sheria iliwachuja watu, ikawapokea waongo na kuwatupa wakweli. Kwa mashahidi wa mahakamani kasoro hii ilianza kurekebishwa mwaka 1869. Kwa wabunge haikuguswa.

4. Charles Bradlaugh

Bradlaugh alizaliwa London mwaka 1833 katika nyumba ya watu wa hali ya chini. Alipokuwa kijana alifundisha katika shule ya Jumapili ya kanisa. Akijitayarisha kwa ajili ya ziara ya askofu, alizisoma Injili nne pamoja na kanuni za kanisa lake, akaona pahali ambapo kwa maoni yake hazipatani, akamwandikia kasisi kuomba maelezo. Jibu alilopata ni kusimamishwa kazi na kushitakiwa kwa baba yake kuwa ni asiyeamini Mungu, jambo ambalo wakati ule hakuwa. Jina lilitangulia, imani ikafuata nyuma. Baadaye alikuwa askari, kisha karani wa mwanasheria, na mwaka 1866 alianzisha National Secular Society.

Mwezi wa Aprili 1880 watu wa Northampton, mji wa washona viatu, walimchagua kuwa mbunge. Tarehe 3 Mei alifika mbele ya meza ya Baraza la Makabwela akaomba kutoa tamko badala ya kuapa. Kamati ikaamua, kwa tofauti ya kura moja, kwamba sheria haimruhusu. Hapo alisema kwamba basi ataapa, na kwamba ahadi iliyomo katika kiapo itamfunga kikamilifu, ingawa maneno ya mwisho ya kumwita Mungu kwake hayana maana. Sasa wapinzani wake, wakiongozwa na watu kama Lodi Randolph Churchill, wakasema kwamba mtu aliyekiri hivyo haruhusiwi kuapa. Yafaa kukubali kwamba pingamizi hili halikuwa upuuzi mtupu: mwenye dini ana haki ya kuchukia kuona jina la Mungu wake likitajwa kwa kutimiza desturi tu. Lakini tazama mtego ulivyofungwa: hakuruhusiwa kutoa tamko kwa sababu hakuwa na dini, wala hakuruhusiwa kuapa kwa sababu hakuwa na dini. Tarehe 23 Juni alikataa kuondoka, akafungwa usiku mmoja katika Mnara wa Saa wa Bunge.

Mwezi wa Julai aliruhusiwa kutoa tamko kwa madaraka yake mwenyewe, lakini mahakama ikaona kwamba hakuwa na haki hiyo, na mwaka 1881 akapoteza kiti. Northampton wakamchagua tena. Tarehe 3 Agosti 1881 alitolewa nje kwa nguvu na polisi na watumishi wa Bunge. Mwaka 1882 alijiapisha mwenyewe, akafukuzwa, akachaguliwa tena. Na mwaka 1884 mambo yakawa vivyo hivyo. Mwaka 1883 Gladstone, Waziri Mkuu, ambaye alikuwa Mkristo mwenye kushika dini yake kwa bidii, aliutetea mswada wa kuruhusu tamko. Alisema kwamba kiapo kilivyokuwa kilimkubali mtu yeyote akirie mungu wa namna yoyote, hata aliye mbali kabisa na Mungu wa Wakristo, na kwa hiyo hakikuwa kinalinda Ukristo. Tena kwamba dini huharibika watu waionapo ikitetewa kwa dhuluma. Mswada ulishindwa kwa kura 292 dhidi ya 289.

Mwisho wa jambo ulikuja kwa utulivu. Tarehe 13 Januari 1886 Spika Arthur Peel alikataa kumruhusu yeyote kumzuia mbunge asiape, na Bradlaugh akaapa. Miaka miwili baadaye alifanikiwa kupitisha Sheria ya Viapo ya mwaka 1888. Sheria hiyo ilimruhusu kutoa tamko mtu wa aina mbili: asiye na dini, na yule ambaye dini yake yamkataza kuapa. Mlango alioupigania asiyeamini ulifunguliwa pia kwa mwenye imani kali. Mwezi wa Januari 1891 Baraza liliamua kulifuta katika kumbukumbu zake lile azimio la 1880 la kumkataza. Bradlaugh alikuwa mahututi, habari hazikumfikia, naye akafa tarehe 30 ya mwezi ule.

5. Madai na ushahidi

Sasa twaweza kuyapima madai manne yasikikayo sana.

La kwanza ni kwamba asiyeamini hudai kuwa ana hakika kwamba Mungu hayupo, na kwa hiyo naye ana dini yake. Bradlaugh alilijibu jambo hili mwaka 1864 kwa njia impendezayo mwanalugha: alisema kwamba yeye hatamki kuwa Mungu hayupo, bali hajapewa maana ya neno hilo iliyo wazi kiasi cha kuweza kuikubali au kuikataa. Wako wengine wasioamini ambao husema kwa mkazo zaidi. Lakini kutoamini ni kukosa itikadi moja. Hakuleti ibada, wala kitabu, wala sala, wala miiko.

La pili ni kwamba asiyeamini humchukia Mungu na kumchokoza. Ilienea Uingereza hadithi kwamba Bradlaugh alitoa saa yake mbele ya watu akampa Mungu dakika chache amuue kama yupo. Alikanusha mara nyingi kwamba hakufanya hivyo kamwe, lakini hadithi ikaendelea. Iliaminiwa kwa kuwa ilimfaa mkana Mungu wa katika mawazo ya watu, yule mdaiwa anayemtukana mdai wake. Huwezi kumchukia usiyeamini kuwa yupo. Na wale wadhanio kwamba asiyeamini humwabudu Shetani wasahau kwamba Shetani naye hana nafasi kwa mtu huyo.

La tatu ni kwamba kutoamini na ukomunisti ni kitu kimoja. Bradlaugh aliupinga usoshalisti waziwazi, akafanya mdahalo na H. M. Hyndman mwaka 1884. Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili: Albania ilizifunga nyumba zote za ibada mwaka 1967, na serikali yake iliwatesa waumini kwa jina la kutokuwa na dini. Kutoamini si kinga ya udhalimu, kama vile kuamini kusivyokuwa kinga yake. Hoja ya Bayle yakata pande zote mbili.

La nne, nalo ndilo zito, ni lile la Locke: asiyeamini hawezi kufungwa na ahadi. Historia tuliyoisimulia yajibu yenyewe. Kama Bradlaugh angekuwa mtu asiyejali neno lake, angeapa kimya siku ile ya kwanza, akakaa kitini bila ya shida. Alikaa miaka karibu sita mlangoni kwa sababu alisema kweli juu ya moyo wake mbele ya watu waliokuwa tayari kumwadhibu. Wapiga kura wa Northampton, ambao wengi wao walikuwa na dini zao, walimwamini mara baada ya mara. Kadhalika Wahindi walimwamini: mwaka 1889 alihudhuria mkutano wa Indian National Congress huko Bombay, na alipozikwa alikuwapo mazikoni kijana mwanafunzi wa sheria, Mohandas Gandhi, ambaye hakuwa mtu asiye na dini.

6. Kwetu

Afrika ya Mashariki ilipokea sheria nyingi za viapo kutoka mikononi mwa Waingereza, lakini ilikuwa na viapo vyake. Twasema kula kiapo na kula yamini, kana kwamba neno ni chakula kiingiacho mwilini. Na kiapo kwa Waswahili wa zamani kilikuwa pia kipimo cha kumfichua mkosa, ambacho kilidhaniwa kumdhuru mwongo. Yamini ni Kiarabu, mkono wa kulia na pia kiapo. Maneno yote mawili yategemea nguvu iliyo nje ya mtu.

Hata hivyo lugha yetu ina tegemeo jingine. Ahadi ni deni, husema methali, wala haitaji Mungu wala adhabu. Hutaja watu wawili, mmoja anayedai na mmoja anayedaiwa. Hapo ndipo aliposimama Bradlaugh. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri pamoja na ule wa dini, na katika viapo vya serikali imeweka njia mbili, ya kuapa na ya kuthibitisha, ambapo kumwomba Mungu msaada ni kwa yule anayeapa tu. Lakini sheria hutangulia na masikio ya watu hufuata polepole. Mwaka 2016 chama cha wasioamini kiliandikishwa Kenya, na mwaka uo huo uandikisho wake ukasimamishwa kufuatia malalamiko ya watu wa dini. Hofu iliyotajwa ilikuwa ya amani ya nchi. Msomaji atakumbuka amani imo katika jamaa ya neno gani.

Kwa watungaji wa kamusi natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kafiri lisifasiriwe kuwa ni mtu asiyeamini Mungu, pasipo maelezo zaidi. Litajwe kuwa ni neno la mwenye dini kwa asiye wa dini yake, na kwamba mara nyingi ni la matusi. Pili, imani ya itikadi na imani ya huruma zipewe nambari mbili zilizo mbali, pamoja na mifano ya kila moja. Tatu, kwa mtu tuliyemzungumza humu, litumike asiyeamini Mungu, ambalo halisemi zaidi ya lile analolisema mwenyewe. Sheikh au padri atakayebishana naye kwa jina hilo hatapoteza hoja hata moja aliyokuwa nayo.